Mayowe ya askofu juu ya paa

Kuna usemi uliozoeleka mno katika makanisa yetu, hasa nyakati za mashaka, kwamba Mkristo wa kweli haogopi. Usemi huo hutolewa mimbarini kwa sauti ya juu, waumini huuitikia kwa amina, na hatimaye hupenya hadi mabwenini na madarasani, ambako vijana hujipima kwao na kujiona wamepungukiwa. Mimi nauona kuwa na madhara. Haukutoka katika Biblia, wala hauafikiani na historia ya Kanisa nchini Kenya, historia ambayo baadhi yetu tuliishuhudia kwa macho.

Huenda wanafunzi wa leo wasijue jinsi miaka ya themanini ilivyokuwa. Tangu Juni 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, watu walijifunza kunong'ona. Mwalimu alichunga ulimi wake darasani, mhadhiri akachunga hata vitabu vilivyokuwa katika rafu zake. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wananchi walipangwa mlolongo, kila mmoja nyuma ya mgombea wake, jirani akimtazama jirani, chifu akiwatazama wote. Ilhali vyama vya upinzani havikuwapo na magazeti yalikuwa na hadhari nyingi, mimbari ilibaki mojawapo ya mahali pachache ambapo neno la wazi lingeweza kusikika. Ndipo majina ya Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki na mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri yalipojulikana hata na watu wasiokwenda kanisani.

Gitari hakuwa mtu wa makeke. Desturi yake ilikuwa kuchukua kifungu cha Maandiko, kukifafanua hatua kwa hatua, kisha kumwachia msikilizaji atambue mwenyewe ni nani katika kizazi chake aliyefanana na nani katika kifungu hicho. Mwaka 1987 alihubiri juu ya Danieli katika tundu la simba, na wanasiasa wakakasirika, jambo linaloonyesha kwamba walikuwa wamesikiliza kwa makini kuliko washarika wengi. Kisha, usiku mmoja wa Aprili 1989, genge la watu lilivamia nyumba yake. Askofu alifanya nini? Alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Majirani waliitikia, wavamizi wakatimua mbio, na askofu akaokoka. Aliishi mpaka mwaka 2013, baada ya kuliongoza Kanisa la Kianglikana nchini akiwa askofu mkuu kuanzia mwaka 1997 hadi 2002.

Nimeyatafakari mayowe hayo mara nyingi. Mtu aliyehubiri juu ya Danieli hakukaa sebuleni akisubiri malaika wafumbe vinywa vya simba. Alipanda darini kama ambavyo ungepanda wewe au mimi, akaita watu. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu yeyote mwenye akili timamu akidai kwamba Gitari hakuwa na imani. Na Jumapili zilizofuata aliendelea kuhubiri yale yale.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Muge. Mnamo Agosti 1990, waziri mmoja wa serikali alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke huko akiwa hai. Muge akasema atakwenda, na akaenda, mnamo tarehe 14 Agosti. Aliwahudumia waumini wa huko, kisha, alipokuwa njiani kurejea Eldoret, gari lake likagongana na lori, akafa papo hapo. Waziri yule alijiuzulu. Maswali yaliyozuka kuhusu ajali hiyo yameendelea kuulizwa hadi leo.

Basi tuwaweke maaskofu hawa wawili bega kwa bega. Walikuwa wa kanisa moja, walitumia Biblia moja, walisumbuliwa na utawala mmoja, na wote wawili walimtumaini Mungu. Mmoja aliokolewa na mayowe yake na majirani zake. Mwingine aliletwa nyumbani katika jeneza. Ikiwa imani hupimwa kwa usalama wa mwenye kuamini, itatubidi tuseme kwamba Muge alikuwa na imani haba kuliko Gitari. Nani atathubutu kusema hivyo mbele ya kaburi lake?

Hata hivyo, hesabu hiyo ndiyo tunayowafundisha vijana wetu bila kutamka. Alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa walikuwa wanafunzi Wakristo waliokuwa wamerauka kwa maombi. Kufikia mwisho wa siku hiyo watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi, na siku tatu baadaye taifa likaingia makanisani kuadhimisha Pasaka. Shule zilipofunguliwa Mei, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mwenye bidii katika chama cha wanafunzi Wakristo, alinijia baada ya kipindi akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa: "Mwalimu, wale wa Garissa hawakuomba vizuri?" Hakuwa akifanya dhihaka. Alikuwa amefundishwa kwamba anayeomba vizuri hulindwa, na sasa alikuwa akijaribu kuipatanisha kanuni hiyo na habari alizozisikia redioni.

Tulikaa chini ya mti tukafungua kitabu cha Danieli, sura ya tatu. Vijana watatu wa Kiyahudi wametishwa kutupwa katika tanuri la moto kwa sababu wamekataa kuisujudia sanamu ya Nebukadreza. Jibu lao kwa mfalme lina sehemu mbili, na watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi hufundishwa ya kwanza tu: kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Wanamwambia mfalme kwamba hata kama hawataokolewa, bado hawataisujudia sanamu yake. Walitamka maneno hayo kabla ya kujua mwisho wa kisa. Sisi tunaujua mwisho, ndiyo maana tunauharakia, tukaisahau ile sehemu ya pili ambayo ndiyo iliyowagharimu. Nilimweleza kijana yule kwamba wanafunzi wa Garissa waliokuwa wakiomba alfajiri ile walikuwa ndani ya sehemu ya pili ya jibu hilo, na kwamba hapana aya yoyote inayowalaumu.

Maandiko yenyewe hayaoni haya kusimulia hofu. Eliya, nabii yule yule aliyewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, aliposikia kwamba Yezebeli ameapa kumwua alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Inafaa tuangalie jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkaripia. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Mahubiri yalikuja baadaye sana, mlimani Horebu, tena kwa sauti ya utulivu. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameacha kula kwa hofu ya mtihani, au kwa msiba wa nyumbani, angefanya vyema kuufuata utaratibu huo: chakula, usingizi, kisha maneno. Na Kristo mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, huku akiwataka rafiki zake wakeshe naye. Wanaodai kwamba hofu ni dhambi sijui wanakisomaje kifungu hicho.

Hofu basi si kinyume cha tumaini. Naona kinyume chake ni kutafuta kimbilio kingine. Mtu mwenye hofu ataegemea kitu fulani, na hapo ndipo imani yake hupimwa.

Tuliupata mtihani huo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Siku ya mwaka mpya wa 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliomlilia Mungu humo, na waliobeba moto, baadhi yao waliimba nyimbo zile zile Jumapili. Mwezi wa Februari Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande na kwamba hawakuweza kusema kwa sauti moja. Mimi naliheshimu ungamo hilo, kwa kuwa si jambo jepesi kwa maaskofu na wachungaji kulitoa. Lakini linatuambia kilichotokea: hofu ilipokuja, wengi walikimbilia kabila. Walihesabu ni wangapi wa lugha yao waliokuwa madarakani, wakapata faraja, au wakakosa faraja, kwa kadiri ya hesabu hiyo. Zaburi ziliendelea kuimbwa, ila kimbilio lilikuwa limekwisha kubadilishwa.

Kuna kimbilio jingine linaloitwa kwa jina la Mungu lakini ni mwanadamu. Mwaka 2023 taifa lilishuhudia maiti zaidi ya 400 zikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hao walikuwa watu walioelezwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Watoto walikuwa wameondolewa shuleni, wagonjwa wamekatazwa hospitali. Ni rahisi kuwacheka marehemu hao na kusema walikuwa wajinga. Wachache kati yao walikuwa watu waliosoma na kufanya kazi za heshima. Walikuwa wamechoshwa na kuogopa, naye mtu aliyewaahidi kwamba hofu yote itakoma aliwapata wakiwa tayari. Linganisha na paa la Gitari. Askofu aliita majirani. Katika msitu ule majirani, walimu, madaktari na jamaa ndio waliofanywa adui wa kwanza. Anayemtaka mwanafunzi aukate uhusiano wake na mama yake, shule yake na zahanati yake ili aonekane mwenye imani, hamwongozi kwa Mungu, hata akiijua Biblia nzima kwa moyo.

Huko pwani na kaskazini mashariki, Kanisa lilijifunza mambo haya kwa njia nyingine. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa kwa bunduki na maguruneti wakati wa ibada, watu 17 wakauawa. Machi 2014 ikawa Likoni, Jumapili asubuhi vilevile. Tangu miaka hiyo, katika miji mingi yetu, muumini hufunguliwa mkoba langoni, hupitishiwa kifaa cha kutambua chuma, kisha ndipo hukaribishwa kwa jina la Bwana. Nilipata kumsikia mhubiri mgeni akisema kwamba kanisa linalowakagua watu limemwachia polisi kazi ya Mungu. Wazee wa kanisa waliokuwa wamesimama mlangoni tangu saa kumi na mbili, juani, bila kupata nafasi ya kusikia hata wimbo mmoja kwa ukamilifu, walimsikiliza kwa adabu. Naamini wao walikuwa wakimtumikia Mungu siku hiyo kuliko yeye. Isitoshe, baada ya shambulio la Garissa viongozi wa Waislamu walijitokeza wakatangaza kwamba vijana wao wangesaidia kuyalinda makanisa wakati wa ibada. Mkristo aliyeinamisha kichwa kuomba huku kijana Mwislamu akimlinda nje ana mengi ya kutufunza kuhusu namna Mungu anavyojibu maombi.

Sasa nije shuleni, kwa maana huko ndiko ninakotaka hasa neno hili lifike. Kila mwaka, kabla ya KCSE, shule zetu huandaa siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi huja, wachungaji hualikwa, kalamu huinuliwa na kubarikiwa. Sina ugomvi na siku hiyo. Nimeihudhuria, nimewaona watoto wakishushwa mzigo mabegani. Nina ugomvi na ahadi zinazotolewa humo. Mhubiri akitangaza kwamba hapana atakayepata chini ya alama fulani, anamwachia mwalimu kazi ngumu mwezi Januari, ya kumpokea mtoto aliyeomba, aliyeamini, aliyesoma hata, na akapata chini ya alama hiyo. Mtoto huyo ataamua mambo mawili: ama Mungu hayupo, au yeye mwenyewe hapendwi. Hapana hata moja lililo kweli, na aliyelipanda hayupo tena kulitolea jibu.

Aidha, kuna maombi tunayoyatumia kukwepa kazi. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwezi Septemba 2024, watoto 21 wakafa kwa moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Baada ya kila mkasa huitishwa ibada, na ni haki iitishwe, kwani waliofiwa wanahitaji kuliliwa nao. Lakini shule inayoomba ulinzi wa usiku ilhali vyuma vingali madirishani na ufunguo wa mlango wa pili hajulikani aliko mwenye nao, haimtumaini Mungu. Inamjaribu, kama shetani alivyomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Mlezi wa chama cha Wakristo akimwendea mkuu wa shule kuuliza kuhusu ufunguo huo, amefanya ibada. Akionekana msumbufu na avumilie.

Kadhalika wapo walimu wenzangu ambao suala hili si la mahubiri kwao. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa, abiria wasio Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Januari iliyofuata, walimu waliokuwa wakihudumu kaskazini mashariki walipiga kambi nje ya ofisi kuu za Tume ya Kuajiri Walimu jijini Nairobi, wakitaka wahamishwe. Waliitwa waoga. Wengine waliulizwa imani yao ilikuwa wapi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, na safari hii tume yenyewe ikawahamisha wengi.

Siwezi kumhukumu mwalimu aliyekataa kurudi. Ana watoto wake, na Eliya naye alikimbia. Siwezi pia kujifanya kwamba kukataa kwake hakukuwa na gharama, kwa sababu watoto wa Mandera, Wajir na Garissa walibaki na madarasa yasiyo na mtu wa kuwafundisha hesabu na sayansi, nao hawakumfyatulia mtu risasi. Wapo waliorudi. Walirudi wakiwa na hofu, wakalala mapema, wakabadilisha njia za kwenda sokoni, wakasali ibada ndogo nyumbani pale kanisa lilipokuwa mbali. Hao sikuwahi kuwaona wakialikwa popote kutoa ushuhuda, labda kwa kuwa ushuhuda wao ungekosa kelele.

Mmoja wa walimu ninaowafikiria hapa hakuwa Mkristo. Salah Farah alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko Mandera, Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililoshambuliwa tena na magaidi, wakiwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Walikuwa wamekwisha kuwagawia baadhi ya wanawake wa Kikristo mavazi ya kujisitiri wasitambulike. Farah alipigwa risasi, akalazwa, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na filamu fupi iliyotokana na kisa cha basi hilo, Watu Wote ya mwaka 2017, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Jumapili iliyofuata kifo hicho nilikwenda kanisani nikitarajia kulisikia jina lake. Mahubiri yalikuwa marefu, juu ya kutokuogopa, na jina hilo halikutajwa. Somo la elimu ya dini ya Kikristo lina mada ya Msamaria mwema, na nimeanza kulifundishia kwa kisa cha basi la Mandera. Wanafunzi huuliza kwanza kama Farah aliogopa. Huwaambia kwamba bila shaka aliogopa, kisha tunafungua Luka sura ya kumi.